Mihuri Ishirini na Miwili

28 NOV 1993

Jana eda ilikwisha. Leo nimefungua sanduku la kazi la marehemu Uwesu, mume wangu, na ndani nimekuta daftari hili. Kumbe ndimo alimokuwa akijaribia mihuri aliyoichonga. IMEPOKELEWA, IMEPOKELEWA, MWENYEKITI WA KIJIJI, MGANGA MFAWIDHI, nyingine juu chini. Upande wa pili wa kila karatasi ni mweupe. Mimi nimesoma mpaka darasa la nne na naandika polepole, lakini sipendi kuona karatasi nyeupe imeachwa bure.

Tarehe hapo juu nimeipiga kwa muhuri wake wa tarehe. Nilizungusha mikanda yake kwa kidole gumba kama alivyokuwa akifanya. Namba nane ilikataa kidogo.

1 DES 1993

Joto. Mawingu yanafika mpaka juu ya kilima cha Mlimwa, yanatutazama, yanarudi yalikotoka.

3 DES 1993

Halfani, muuza mitumba wa hapa Majengo, amenipitia na kisanduku cha mbao. Zamani tulipanga foleni kwa kipande cha kaniki. Siku hizi robota za nguo za Ulaya zinafunguliwa kila wiki, zinamwagwa chini kama mahindi, na ndani hukosi kitu ambacho si nguo.

"Mama Salha, hivi vibao vilikuwa katikati ya sweta za watoto. Nilidhani ni vya kuchezea."

"Mbona vina mpira chini?"

"Ndiyo maana nimekuletea wewe."

Nikakigeuza kimoja, nikaona picha imechongwa kinyume, kama inavyochongwa siku zote. "Hii ni mihuri," nikamwambia.

"Ya ofisi gani?"

"Haina ofisi. Ina picha tu."

Halfani hakutaka malipo. Alisema Uwesu alimchongea muhuri wa duka kabla hajawa na duka, akamwambia duka litaufuata muhuri. Na kweli liliufuata.

4 DES 1993

Baada ya adhuhuri tulikaa kibarazani mimi na binti yangu Salha, tukapiga mihuri yote ishirini na miwili kwenye karatasi za kufungia sukari. Salha alicheka mpaka akashika mbavu. Sikuwa nimekisikia kicheko hicho tangu Julai, tulipomzika baba yake.

Yupo malaika anayemimina kutoka kikombe kimoja kwenda kingine, sawasawa na mtu anayempozea chai mgeni mwenye haraka. Yupo mama amemshika simba mdomo na wala hatoki jasho. Mzee wa taa na mkongojo tumemwita mlinzi wa mizabibu. Mwenye meza yenye kikombe, kisu na fimbo ni muuza dawa wa mnadani. Lipo jua lenye uso, chini yake mtoto juu ya farasi, na nyuma ya ukuta alizeti zinachungulia. Alizeti hasa, vichwa vimejaa. Nilijiuliza nani kawapelekea Wazungu habari za mashamba yetu.

Mmoja amefungwa mguu, ananing'inia kichwa chini. Nilimwonea huruma. Salha akaugeuza muhuri, akaupiga tena, na sasa mtu yule amesimama kwa mguu mmoja, mwingine kaukunja, anacheza ngoma. Tumekubaliana atapigwa hivyo siku zote.

Wawili hatukuwapenda: mifupa iliyopanda farasi, na yule mwenye pembe. Nimewafungia kwenye soksi.

Ninaoupenda kuliko yote una nyumba ndefu juu ya kilima. Wingu jeusi, radi imepita, na matone pande zote, makubwa kama kunde. Watu wawili wamejirusha nje, mikono wazi. Watu hawa nawajua. Ndivyo tunavyotoka sisi wa Dodoma siku matone ya kwanza yanapogonga bati.

9 DES 1993

Sikukuu ya Uhuru. Vumbi.

12 DES 1993

Wifi yangu Stara, dada yake Uwesu, amekuja tena. Anakuja kila siku tangu msiba, na kila siku anapata kosa. Juzi chumvi, jana ufagio. Leo alizishika karatasi zetu moja moja, akasimama kwenye ile ya mwanamume na mwanamke walio bustanini.

"Wifi, hawa hawana nguo."

"Nimewaona."

"Umewaona ukawaacha hivyo hivyo? Kaka yangu alichonga mihuri ya serikali kwenye kibaraza hiki. Wewe unaleta watu uchi."

Nikachukua kalamu nikamchorea mwanamke kanga na mwanamume msuli. Stara alisimama juu ya bega langu.

"Mfunge vizuri. Hiyo itadondoka akigeuka."

Nadhani hajawahi kunipenda. Uwesu alikuwa akisema, "Mvumilie, ana mdomo tu." Lakini mdomo nao unachosha.

19 DES 1993

Mvua. Robo saa tu, lakini mvua. Nilitoka nje na ungo mkononi, uwele ukalowa wote. Sijali.

26 DES 1993

Mzee Yahaya, mshenga wetu, amerudi kutoka Kondoa na siku imepatikana: Jumapili tarehe 6 Februari, ndani ya Shaabani, kabla ya Ramadhani kuingia. Salha ataolewa na Rajabu, mwalimu wa shule ya msingi huko Kondoa. Baba yake Rajabu alifariki zamani, kwa hiyo neno lote lipo kwa mama yake, Bi Nasra. Sijamwona bado. Mzee Yahaya anasema ni mkulima hodari, mkimya, na mgumu kama kinu.

Salha hataki kadi za kupigwa chapa mjini, zote sura moja. "Baba angekuwepo angetuchongea muhuri wa harusi," alisema. "Hayupo, lakini mihuri tunayo. Kila mtu apate picha yake."

Nilimwambia nitafikiri. Nilikuwa nimekwisha kubali.

2 JAN 1994

Wiki nzima tunakata karatasi za manila na kupiga mihuri. Pedi ya wino wa zambarau ilikuwa imekauka, nikaifufua kwa wino wa chupa. Salha anaandika majina, mimi nachagua picha.

Halfani amepata muuza dawa wa mnadani. Mke wa mchinja nyama, ambaye mumewe huwagombeza watu soko zima ila yeye, amepata mama wa simba. Mzee Yahaya amepata mzee wa taa, akafurahi, kisha akauliza kwa nini mkongojo, yeye bado anatembea bila kitu. Imamu tumempa nyota peke yake. Nilifunika nusu ya muhuri kwa karatasi ili mwanamke aliye uchi na mtungi chini yake asionekane.

Habari zimeenea. Watu wanapita kibarazani wakijifanya wanauliza afya yangu, kisha wanasema, "Na mimi nimepangiwa nini?" Mwanamke mmoja wa mtaa wa pili, ambaye hata hatukumwalika, alitaka mcheza ngoma. Tumemwalika.

Leo nimepika, nikala nikamaliza sahani. Naandika kwa sababu ni mara ya kwanza tangu Julai.

8 JAN 1994

Imebaki kadi ya Bi Nasra. Nilijua tangu mwanzo atapata ipi. Mama mkwe wa mwanangu lazima apate iliyo bora. Niliupiga muhuri wa nyumba yenye mvua taratibu, nikaupulizia, ukatoka safi, kila tone mahali pake.

Stara alisema, "Mpe jua. Jua ndilo zuri, tena lina farasi."

"Jua analo mwaka mzima," nikasema. "Nampa mvua."

9 JAN 1994

Mzee Yahaya ameondoka na kadi za Kondoa.

11 JAN 1994

Mawingu. Hakuna kitu.

13 JAN 1994

Mawingu. Salha anashona mito.

15 JAN 1994

Mzee Yahaya amerudi, akakataa maji. Mtu anayekataa maji kwenye joto hili ana neno zito, na alipolitoa nililazimika kukaa chini.

Bi Nasra ameirudisha kadi. Ameituma ikiwa imefungwa kwenye kitambaa cheusi, na ujumbe huu: mwanawe haoi nyumba ya watu wanaotuma radi.

Miaka miwili iliyopita, wakati wa mvua kama huu, radi ilipiga kwake. Iliua ng'ombe wawili zizini na kuchoma paa la jiko. Wengi huko wanaamini radi haiji hivi hivi, inatumwa na mtu. Mwaka mzima Bi Nasra alilala na nguo zake mlangoni, tayari kukimbia. Sasa wakwe watarajiwa wanamletea kadi, anaifungua, anaona nyumba, radi juu yake, na watu wanaanguka.

"Nilimweleza kwamba ni pambo," Mzee Yahaya alisema. "Akaniuliza, 'Katika mapambo yote ya dunia?'"

Salha alikuwa mlangoni, amesikia. Hakulia. Alikwenda akaikunja nguo ya harusi aliyokuwa akishona, akaiweka chini ya mito. Afadhali angelia.

16 JAN 1994

Nilimpelekea picha jirani yetu Mwalimu Bartolomayo, mstaafu, aliyesoma kwa mapadri. Alivaa miwani, akazitazama zote.

"Huko Ulaya picha hizi zimo kwenye karata," alisema. "Wengine wanachezea tu. Wengine wanapigia ramli."

"Na hii nyumba?"

Alivua miwani. "Huu ni mnara. Wanasema ni balaa linalokuja ghafla."

Nikazikunja zile karatasi haraka.

"Lakini wewe hukujua, mama."

"Na Bi Nasra hakujua, mwalimu. Yeye ameona radi, basi. Mimi ndiye niliyeona mvua peke yangu."

Nilirudi nikawasha moto. Ramli si mambo yetu, na mambo haya yamevunja harusi ya mwanangu. Kisanduku kilikuwa tayari mkononi Stara alipoingia.

"Unafanya nini?"

"Nachoma."

"Choma," akasema. "Kesho Kondoa watasikia umechoma. Mtu anachoma nini kama si uchawi wake? Utakuwa umekubali kwamba ulimtumia radi."

Nikasimama pale na moshi machoni.

"Chukua hicho kisanduku chote," Stara akasema, "umpelekee, umwambie ulichokiona. Na usiende peke yako, wewe ukianza kulia hutamaliza sentensi. Nitakwenda na wewe."

Akaumwagia maji moto wangu. Baadaye nilimkuta amekaa karibu na sanduku la Uwesu, mkono juu ya kifuniko, hafungui. Nikaelewa kwa nini anakuja kila siku. Makosa ya chumvi na ufagio ni nauli yake ya kuingia.

18 JAN 1994

Kondoa. Basi lilikwama kwa muda wa saa tatu kwenye mto wa mchanga, kwa maana huku mvua imenyesha. Stara aliwasimamia wanaume wakisukuma na kuwaambia walivyokosea.

19 JAN 1994

Naandika nikiwa nimekaa kwenye mkeka wa Bi Nasra. Nitaandika yote nisije nikasahau.

Nyumba yake iko nje kidogo ya mji, njia ya Kolo. Paa la jiko ni jipya, bati bado linang'aa. Rajabu alitupokea, amekonda uso. Mama yake alitoka, mrefu, mikono ya jembe. Akajibu salamu, akatuonyesha mkeka, akatuletea maji na ugali kwa maziwa. Mgeni hanyimwi chakula. Lakini hakukaa. Alisimama akishika nguzo ya baraza, anatazama shamba.

Nilikuwa nimepanga maneno njiani. Yote yakanitoka. Nikasema, "Dada, mimi nilikupa mvua."

"Mvua gani yenye moto?"

"Kwetu mvua isiyo na radi tunaiita umande."

Hakugeuka. Nikaitoa kadi kwenye kitambaa chake cheusi, nikaiweka juu ya mkeka. "Hebu tazama matone. Haya hapa. Na haya. Nani anachora balaa halafu analipamba kwa matone?"

"Watu wanaanguka."

"Wanatoka mbio. Wameisikia kwenye bati."

Sasa aligeuka, akainama. "Huyu anatoka kichwa chini?"

Kweli yule mtu yuko kichwa chini, wala sikuwahi kulifikiria jambo hilo. Ndipo Stara, aliyekuwa akinywa maji kimya tangu tulipofika, akaweka bakuli chini.

"Huyo amekumbuka ana nguo kwenye kamba," akasema. "Mimi mwenyewe hutoka hivyo. Mwaka jana nilianua shuka za jirani, zangu zikalowa."

Bi Nasra alimtazama. Mdomo wake ulijikaza, ukajikaza, kisha ukamshinda. Alicheka kwa pua kwanza, halafu akakaa chini kabisa akafunika uso kwa mtandio, mabega yanatikisika. Rajabu alichungulia mlangoni, akarudi ndani taratibu kama mtu aliyemwona ndege na hataki kumkurupusha.

Nilimfungulia kisanduku chote. Alitaka kuona kila mmoja, akautazama kwanza upande wa mpira, akaupiga, akautazama tena. Mcheza ngoma alimpenda. Niliposema sisi ndio tuliomgeuza, kwamba Ulaya ananing'inizwa, alisema, "Mmefanya vyema. Mtu asining'inizwe harusini." Mifupa na mwenye pembe nilimwonyesha pia, kwenye soksi yao, nisije nikaficha kitu. Akawarudisha mwenyewe, akafunga fundo.

Kisha akaushika ule wa nyumba. "Wewe umeona mvua, nakubali. Mtu mwenye hatia haleti ushahidi kwa miguu yake. Lakini mimi kila nikiitazama hii radi nasikia harufu ya ng'ombe wangu. Iondoe."

Nikasema sijawahi kukata mpira. Fundi alikuwa Uwesu, mimi nilimshikia taa tu.

"Miaka mingapi?"

"Ishirini na sita."

"Basi umeshika taa vya kutosha."

Akaniletea wembe. Nikakumbuka Uwesu alivyokuwa akibana pumzi, nikabana yangu. Nilianzia ncha ya juu, nikafuata kona, moja, nyingine, na ule mpira ukanyanyuka kama ganda la karanga. Nilipoupiga, pale penye radi palikuwa peupe. Ilibaki nyumba, wingu, matone, na watu wawili wakitoka nje. Chini karibu na mlango nimekata zaidi kidogo. Anayejua ataona.

Bi Nasra aliupiga kwa mkono wake, akaupiga tena, akajaza karatasi nzima. Kisha akasema bila kututazama: "Ile radi nilisema ni ndugu yangu. Hanifu. Tuligombania shamba la baba, na ilipopiga nikamwita mbele za watu, nikasema ni yeye. Hakukana. Alichukua jembe lake akaenda. Hajaja tena."

"Umewahi kumwita arudi?" Stara aliuliza.

Bi Nasra akatikisa kichwa.

"Mimi wangu nikimwita haitiki," Stara akasema. "Wako yuko hai, dada."

Alisema kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake. Nilitazama pembeni nikampa nafasi.

Bi Nasra alikuwa akifuta wino kwenye kidole, na haufutiki. Mwishoni akavuta kipande cha manila.

"Mfanyieni Hanifu kadi. Yule malaika anayepoza chai."

21 JAN 1994

Nyumbani. Salha alituona tunakuja, akazisoma nyuso zetu kutoka mbali, akaenda kuitoa nguo chini ya mito.

27 JAN 1994

Mvua. Uwele shambani umechipua.

30 JAN 1994

Mvua. Halfani ameleta sweta kwa bibi harusi, eti Kondoa baridi. Ina picha ya paa mwenye pua nyekundu. Salha ameapa ataivaa.

7 FEB 1994

Jana tumemwoza Salha.

Watu wa Kondoa walifika mapema, Bi Nasra mbele, amevaa gauni jipya ambalo halikumzuia kuingia jikoni na kuwaondoa wapishi kwenye sufuria. Nyuma kabisa, hatua kama thelathini mbali na wengine, alikuja mwanamume wa makamo mwenye kanzu nyeupe. Alisimama barabarani kama mtu anayesubiri gari. Mzee Yahaya akamfuata, akamshika mkono, akamleta. Ni Hanifu. Mfukoni kifuani kadi ilikuwa inachungulia.

Ndoa ilifungwa salama. Pilau ilipoanza kugawiwa, mbingu zikafunguka. Haikuwa mvua ya kujaribu. Ilishuka yote kwa pamoja, turubai likajaa tumbo, watu wakakimbilia chini ya bati na sahani zao. Wanawake wakamwimbia Salha kwamba amekula ukoko sufuriani utotoni, ndiyo maana mvua imemkuta harusini. Salha akajibu kutoka ndani kwamba ni kweli, tena alikuwa akiugombania na baba yake.

Hakuna aliyetaka kuiacha kadi yake nje. Walizishika mkononi, wakazificha kifuani, na wino wa zambarau ukayeyuka. Mvua ilipotulia, mikono ya mtaa mzima wa Majengo ilikuwa ya zambarau. Bibi harusi ana hina, wageni wana wino. Imamu naye kidole gumba.

Hanifu na dada yake walikuwa wamejikuta chini ya kipande kimoja cha bati, upande wa jiko. Niliwaona nikipitisha sinia. Kadi ilikuwa imemwachia Hanifu doa kifuani, kubwa kama kiganja. Bi Nasra alilishika kwa kidole.

"Kanzu yako imeharibika," akasema.

"Itafuliwa."

Sikusikia zaidi ya hapo, na sinia lilikuwa zito. Nilipopita tena walikuwa wamekaa kwenye benchi moja, wanakula sahani moja, wanabishana kuhusu nyama ipo wapi.

Alasiri Salha aliondoka nao. Alinikumbatia, akasema, "Mama, usikae peke yako," na Stara akajibu badala yangu, "Nani kamwambia atakaa peke yake? Nimehamisha godoro tangu juzi." Ni kweli. Nilidhani limekuja kwa ajili ya wageni.

Leo asubuhi nyumba ni kimya na ua umejaa matope na nyayo. Niliinua mkono kufunga dirisha nikaona vidole vyangu. Miaka ishirini na sita nimekula sahani moja na Uwesu, vidole vyake vya rangi hii, nikigomba kila siku vioshwe.

Stara ameniletea sabuni na maji kwenye beseni. Nimemwambia aviweke hapo. Nikimaliza kuandika nitafikiri.